SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: CHETI CHA BIMA CHA MTHAMINI



Chama cha msingi kinapotaka kununua ghala au kiwanja, au kuweka rehani jengo lake ili kipate mkopo wa pembejeo, hapana budi mali hiyo ithaminiwe kwanza. Kazi hiyo ni ya mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Makatibu wengi hukumbuka kuuliza juu ya usajili na ada ya kazi. Ni wachache wanaouliza swali la tatu: je, mthamini huyu ana bima ya makosa ya kitaaluma, nasi tumeuona ushahidi wake?

Lengo la somo hili ni kueleza ushahidi huo ni nini, una nguvu gani, na chama kiuombe namna gani.

1. Kwa nini jambo hili ni letu

Tutoe mfano wa kubuni. Chama cha wavuvi katika mwambao wa Ziwa Viktoria kilinunua jengo la kuhifadhia samaki kwa shilingi 90,000,000, kikitegemea ripoti ya mthamini. Baada ya kulipa, ikabainika kwamba sehemu kubwa ya jengo imo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu katika eneo hilo. Mthamini hakupima umbali huo wala hakuutaja. Thamani halisi ilikuwa shilingi 40,000,000. Shilingi 50,000,000 za akiba ya wavuvi zikapotea.

Chama kina haki ya kumdai mthamini aliyefanya kazi kwa uzembe. Lakini haki ni jambo moja, na fedha za kulipa ni jambo jingine. Mthamini mwenye ofisi ya chumba kimoja na meza mbili atazitoa wapi? Hapo ndipo bima inapohitajika.

2. Cheti si mkataba

Mthamini anapoombwa ushahidi, kwa kawaida hutoa cheti cha bima. Hii ni karatasi fupi ya kampuni ya bima au ya dalali wake, inayosema kwamba siku ile ilipotolewa bima ilikuwapo. Masharti yenyewe yamo katika mkataba wa bima, ambao ni kati ya mthamini na kampuni. Chama si mshirika wa mkataba huo, na kupewa cheti hakukifanyi kuwa mshirika.

Baadhi ya wathamini husita kutoa mkataba mzima, na mara nyingine wana sababu. Mkataba una habari za biashara yao, na huenda kampuni imeweka sharti la siri. Katibu asilione jambo hilo kuwa ni hila. Aombe cheti, pamoja na maelezo ya maandishi juu ya mambo yafuatayo.

3. Mambo ya kusoma katika cheti

(a) Jina. Je, aliyekatiwa bima ndiye atakayetia sahihi ripoti, au ni kampuni nyingine yenye jina linalofanana?

(b) Kazi. Bima ya gari au ya moto wa ofisi haihusiki hapa. Cheti kitaje makosa ya kitaaluma katika uthamini.

(c) Kikomo cha fidia. Uliza kama ni kwa kila dai au kwa madai yote ya mwaka. Turudi kwenye mfano wetu. Kikomo cha mwaka kilikuwa shilingi 50,000,000, na mteja mwingine alikwisha kulipwa 20,000,000. Zilibaki 30,000,000 tu. Shilingi 20,000,000 zilizosalia itabidi chama kizidai kwa mthamini mwenyewe.

(d) Sehemu ya mthamini. Mara nyingi mkataba humtaka alipe mwenyewe kiasi cha kwanza cha kila dai.

(e) Muda. Hili ndilo linalowapotosha wengi. Kwa desturi bima ya aina hii hulipia dai linalowasilishwa wakati bima ingali hai. Haitazami tu siku kazi ilipofanywa. Kwa Sheria yetu ya Ukomo wa Muda, dai la mkataba laweza kufunguliwa ndani ya miaka 6. Ikiwa mthamini ameacha kulipia bima mwaka wa pili, nanyi mmegundua kosa mwaka wa tatu, cheti mlichohifadhi kwenye faili hakitawasaidia.

4. Hatua za katibu

Kwanza, ombeni cheti kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi. Mkiomba baada ya ripoti kutolewa, mmechelewa.

Pili, hakikini. Namba ya bima iulizwe kwa kampuni yenyewe, na kampuni iulizwe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Cheti cha kughushi chaweza kupendeza kuliko kile cha kweli.

Tatu, andikeni katika mkataba wa kazi kwamba mthamini atadumisha bima kwa muda wa miaka mtakayokubaliana, ataleta cheti kipya kila mwaka, na atawaarifu bima ikivunjwa.

Nne, ripoti iandikwe kwa jina la chama. Ikiandikwa kwa benki peke yake, mthamini aweza kudai kwamba hakuwa na wajibu kwenu.

Tano, mkigundua kosa, mwandikieni mthamini mara moja na kumtaka aiarifu kampuni yake. Akichelewa kuiarifu, kampuni yaweza kukataa kulipa.

5. Hitimisho

Bima haimfanyi mthamini mbaya kuwa mwema, wala haifidii hila aliyoitenda kwa makusudi. Chagueni kwanza mtu mwaminifu, ajuaye kazi yake, ndipo mwombe cheti. Mthamini wa namna hiyo hatachukizwa kuombwa. Mali ya chama imetokana na pamba na samaki wa wanachama, na katibu ndiye mlinzi wake.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano

1. Katika mfano wa wavuvi, ni wakati gani katibu angeweza kuzuia hasara?
2. Je, faili la chama chetu lina cheti cha mthamini wa mwisho tuliyemtumia? Kilikwisha muda lini?
3. Kuna tofauti gani kati ya cheti cha bima na mkataba wa bima?