Jumatano: Asali ya Kutosha

Soma Mithali 25:16. Sulemani hakukataza asali, aliiwekea kiasi.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, hunata kwenye protini za mwili. Badiliko hilo ni la jamii moja na lile linalofanya ganda la mkate kuwa la kahawia tanurini, ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Protini za kuta za mishipa hufungamana, mishipa hukakamaa, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi.

Kipimo cha HbA1c huonyesha hali ya sukari kwa miezi kama 3 iliyopita. Kuacha soda juzi hakukidanganyi (wengine tumejaribu).

Sisi tusiogusa pombe, uji wetu wa Sabato asubuhi huwekwa vijiko vingapi vya sukari? Jadilini.