MKONO ULIOKATIKA NEVA HUFUNDISHWA UPYA

Leo tuzungumzie neva iliyokatwa mkononi, kwa panga, kioo au bati. Kidonda hupona, nyuzi zikatolewa, lakini vidole vimebaki na ganzi na havitii amri. Wengi hukata tamaa hapo, na wapo wanaosema wamelogwa.

Neva iliyokatika hushonwa na daktari wa upasuaji, tena mapema. Ikishashonwa huota kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole ni kama sentimita 18, basi hesabu miezi 6 au zaidi. Aliyekatwa kiwikoni husubiri zaidi ya mwaka.

Nyuzi zinazoota hazirudi zote mahali pake. Unaguswa kidole gumba, unahisi cha shahada! Ubongo hauna budi kuanza upya, alifu kwa kijiti.

Katika nchi tajiri mgonjwa huvishwa miwani ya kompyuta, akaona mkono wake ukishika kikombe ingawa wenyewe haujaweza. Roboti nayo humkunja na kumkunjua vidole mara mamia bila kuchoka, na hupima nguvu yake. Vifaa hivi vimejaribiwa zaidi kwa waliopata kiharusi, na havishoni neva. Kazi yake ni mazoezi.

Asili ya miwani hiyo ni kitu rahisi. Miaka ya 1990 mtaalamu Ramachandran, huko California, alitumia kioo kwa watu waliokatwa mikono. Nasi vioo tunavyo. Simamisha kioo kati ya mikono, mgonjwa ukae nyuma yake, uchezeshe ule mzima huku ukitazama taswira yake. Ubongo huona mikono miwili ikifanya kazi. Haya hufaa hata kabla neva haijafika vidoleni.

Hisia zikianza kurudi, mguse mgonjwa kwa kanga, funguo, punje za mchele, hata tasbihi. Kwanza akitazama, kisha amefumba macho ataje ni nini, kisha afumbue ahakikishe. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Nyakati za swala zinakumbusha vizuri. Viungo vinyooshwe polepole visikakamae, ila baada ya aliyeshona kuruhusu.

Mkono wenye ganzi hauoni moto. Maji ya udhu yaliyopashwa yajaribiwe kwa mkono mzima, na sufuria ishikwe kwa kitambaa. Kila jioni mkague vidole, kwani malengelenge huweza kutokea bila mwenyewe kujua.