Boti ya Ndoto Yako Iulize Wimbi Kwanza



Siku hizi napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa wachimbaji wa dhahabu wa Segese, Kakola na Geita. Duara, yaani shimo la dhahabu, limekubali, mgao umeingia, na badala ya kwenda kuumalizia Kahama mjini, kijana anataka kununua boti ya uvuvi aiweke Ziwa Victoria. Mmoja amenitumia na video: boti ya Kimarekani, rangi inang'aa, viti vya kuzunguka, injini kubwa nyuma. Ananiuliza, "Dada, hii nitaipata wapi?"

Kwanza nakupongeza. Fedha ya dhahabu huja kwa mkupuo na huondoka kwa mkupuo, kwa hiyo ukiwaza kuigeuza mtaji ikiwa bado mfukoni, umefikiri vizuri. Sasa kaa hapa tuzungumze kabla hujatoa hata shilingi.

Boti ile iliundwa kwa kazi nyingine kabisa. Wamarekani walianza kuunda boti za aina hiyo mwaka 1948, kwa ajili ya kuvua kwa ndoano samaki anayeitwa bass. Zina kina kifupi na kingo za chini ili mvuvi asimame na kurusha ndoano kwenye maji yaliyotulia, kisha jioni arudi nyumbani. Samaki huyo yuko Naivasha kule Kenya, alikopelekwa tangu enzi za ukoloni, ila kwenye mwalo wa Nkome, Ziwa Victoria, hutamkuta. Ziwa letu lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na upepo wake wa usiku huinua mawimbi ambayo wavuvi wazoefu wenyewe huyaogopa. Ukipakia nyavu, barafu na wavuvi wanne kwenye boti yenye kingo za chini, umewapeleka watu majini bila kinga.

Kwa hiyo usianze na boti. Anza na samaki.

Ukitaka sangara, jua kwamba chombo kitakwenda mbali, kitalala majini na kitahitaji nafasi ya barafu. Hapo injini na boti pana yenye kingo za juu ni lazima. Sangara ana soko la viwanda vya minofu, na bondo lake linanunuliwa kwa bei kubwa. Lakini sheria haichezi: sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Ukitaka dagaa, kazi ni ya usiku kwa taa, na siku hizi wengi wametoka kwenye karabai wakaingia kwenye taa za sola. Hapa ndipo wageni wa ziwa wanapokosea hesabu. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawafuati taa, na vyombo vingi hupumzika mpaka giza lirudi. Basi mapato yako yahesabu kwa siku za giza tu. Anayekupigia hesabu ya siku 30 kwa mwezi anataka kukuuzia boti yake.

Ukishamjua samaki, nenda mwaloni na fundi wako. Asiwe fundi wa muuzaji. Niliwahi kumtazama fundi mmoja wa boti za mbao akikagua chombo kilichopakwa rangi mpya ya bluu. Rangi hakuitazama kabisa. Aliinama chini kwenye mkuku, akachukua msumari na kuuchomeka taratibu kwenye mbao, moja baada ya nyingine. Penye ubao mzima msumari uligoma; penye kuoza uliingia kama kwenye ugali. Kisha akafuata maungio, akikwangua kuona kama kalafati ni ya zamani iliyoshika au imejazwa jana kwa ajili ya mnunuzi. Mwisho akataka chombo kishushwe majini kilale huko, na asubuhi aone kimeingiza maji kiasi gani. Muuzaji akikataa jambo hilo la mwisho, mshukuru na uondoke.

Boti za faiba zinazidi kuingia ziwani. Ni ghali mwanzoni, ila hazihitaji kalafati kila mara na hazinyonyi maji kama mbao. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Kabla hujamaliza fedha yako yote kwa mkupuo, nenda kwa ofisa uvuvi wa halmashauri umuulize masharti ya mikopo hiyo, hasa kwa wanaojiunga kwenye vikundi.

Injini nayo isikutie tamaa. Nguvu iendane na ukubwa wa boti na mzigo. Inayozidi inakula petroli ambayo samaki wako hawatailipa. Nunua ambayo vipuri vyake vinapatikana Geita au Mwanza na fundi wake yupo pale pale mwaloni.

Jambo jingine, mdogo wangu: wewe unaishi Segese, boti itakuwa ziwani. Wavuvi watakuita tajiri, lakini samaki watawaona wao kwanza. Kubalianeni mgao mapema, kwa maandishi, baada ya kutoa mafuta, barafu na chakula. Uwe na mtu wako wa kupima samaki boti inapofika, na ujitambulishe kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo huo. Mali bila daftari huisha bila habari. Sajili chombo, kata leseni, na usikubali kokoro wala nyavu za uzi mmoja za plastiki hata ukiambiwa kila mtu anazo. Mwaka 2018, kwenye Operesheni Sangara, waliokutwa na zana haramu walizipoteza zikiteketezwa kwa moto.

Na wale wanaokwenda majini kwa fedha yako ni watoto wa watu. Kila mmoja awe na jaketi okozi lake, alivae, lisikaliwe kama mto. Nahodha asikilize utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kabla ya kung'oa nanga, na siku akisema leo hatutoki, usimpigie simu kumlazimisha.

Nasema hili kwa uzito wote: kwenye orodha yako ya manunuzi, majaketi okozi yaandike juu ya injini. Kama fedha haitoshi vyote viwili, bado hujafikia kumiliki boti. Subiri mgao mwingine.