Amani Kabla ya Mtihani na Baada Yake

Somo la wiki. Soma kwanza: Wafilipi 4:6-7, Danieli 1:3-20, 1 Wafalme 19:1-8

Mchungaji aliponiomba nitoe somo la wiki hii nilikataa, maana mimi si mhubiri, mimi ni nesi. Akaniambia, "Ndiyo maana nimekuomba wewe." Hapa kanisani tuna vijana watatu wanaojiandaa kwa mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Mmoja wao alinijia Jumapili moja baada ya ibada, akanivuta kando pale penye tangi la maji. Mkono wake ulikuwa baridi kama asubuhi ya Vuria ukungu ukiwa umeshuka. Akasema, "Mama, wiki mbili sasa usingizi hauji. Nikifungua kitabu naona herufi tu. Na nimeomba, nimefunga siku tatu. Kwani imani yangu ni ndogo?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Wacha nieleze kidogo kwa wale ambao hawana mtoto katika kazi hii. Mwanafunzi wa uuguzi anasoma miaka mitatu na zaidi, darasani na wadini. Chuo kinampa mitihani yake. Lakini mwisho kuna mtihani wa Baraza lenyewe, na huo haufanywi kwa niaba ya chuo. Ni wa kumlinda mgonjwa. Kwa sheria ya wauguzi, Sura ya 257, mtu asiyeandikishwa na Baraza haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi, hata kama alikuwa wa kwanza darasani. Kwa hivyo miaka yote ile inakuja kukalia siku chache. Na sisi wazazi tunajua tulivyofika hapo: ng'ombe aliuzwa, harambee ikafanywa, mjomba wa Mombasa akatuma, kuna shamba lililokodishwa ambalo halijarudi. Kijana anapoingia chumba cha mtihani haingii peke yake. Anaingia na ng'ombe, na mjomba, na shamba.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hapa hawalijui. Mimi nilianguka mtihani huo mara ya kwanza.

Usiku wa kuamkia mtihani, watu walionipenda walikuja nyumbani wakafanya kesha kwa ajili yangu. Tuliimba na kuomba mpaka saa kumi alfajiri. Kuna mtu alisimama akasema ameniona nimevaa sare nyeupe, cheti mkononi, na wote wakaitikia amina. Saa kumi na moja nikatoka na uji haujapita kooni. Ukungu ulikuwa mzito, matatu ikaenda polepole, nikafika zimebaki dakika chache. Nikakaa. Nikafungua karatasi, nikakuta swali la mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Wapendwa, mambo hayo nilikuwa nimeyafanya kwa mikono yangu wodini! Lakini kichwani palikuwa giza, kama stima imepotea. Nilisoma swali lile lile mara sita.

Matokeo yalipotoka nilijifungia. Jumapili tano sikuja kanisani. Kuanguka kwenyewe kuliniuma, lakini lililonikalisha nyumbani ni kwamba nilijiona nimemfanya Mungu mwongo mbele ya watu waliosema amina. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo, walitoa usingizi wao kwa ajili yangu. Lakini nimefikiri sana juu ya usiku ule, na nimekuja kuona kwamba tulikuwa na bidii bila kusoma Maandiko vizuri.

Hofu si dhambi

Tuanze na Wafilipi 4. Paulo anaandika akiwa amefungwa, ameshasema habari za vifungo vyake tangu sura ya kwanza. Hajui kesi yake itaishaje. Anatuambia kila neno tulipeleke kwa Mungu kwa kuomba pamoja na kushukuru, halafu amani ya Mungu italinda mioyo na nia zetu. Neno hilo la kulinda, katika Kiyunani alichoandika Paulo, ni neno la askari, la kikosi kinacholinda mji. Fikiria basi. Askari anawekwa wapi? Anawekwa mahali ambapo adui anaweza kuja. Ukihitaji mlinzi mlangoni haimaanishi nyumba yako ni mbovu.

Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane jasho lake lilianguka kama matone ya damu, Luka ameandika. Nani atamwambia imani yake ilikuwa ndogo? Kwa hivyo binti yangu, jibu la swali lako ni hapana.

Na kama nesi naongeza hili. Huku kwetu tunajua ndovu wakishuka kutoka Tsavo. Ukikutana na ndovu njiani, mwili hauulizi ushauri. Unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakwenda kwenye miguu ili ukimbie, mikono inakuwa baridi, tumbo linakataa chakula. Mungu ameuumba hivyo ili upone. Shida ni kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya ndovu na karatasi ya maswali. Unakuandaa kukimbia, na wewe unatakiwa kukaa kwenye kiti na kukumbuka.

Mtu mzima aliyetulia anapumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiogopa inapanda. Moyo hatuwezi kuuamuru, lakini pumzi tunaweza. Vuta hewa polepole kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, miguu yote miwili ikiwa imekanyaga sakafu. Fanya mara tano kabla hujagusa karatasi. Kuna mpendwa aliniambia hayo ni mambo ya dini nyingine. Mimi namjibu na Mwanzo 2:7, pumzi ni ya aliyeitoa.

Danieli alisoma miaka mitatu

Tunapenda sana kuwaombea watahiniwa wawe kama Danieli, mara kumi zaidi ya wengine. Tunaruka mstari wa tano. Danieli na wenzake walifundishwa miaka mitatu, halafu ndipo wakasimamishwa mbele ya mfalme kuulizwa maswali. Miaka mitatu! Karibu sawa na diploma ya uuguzi. Ni kweli Biblia inasema Mungu ndiye aliyewapa maarifa, lakini aliwapa wakiwa ndani ya masomo. Na ile habari ya mboga na maji, angalia ilikuwa lini. Ilikuwa mwanzoni kabisa, na msimamizi akakubali kuwajaribu siku kumi. Haikuwa usiku wa kuamkia siku ya mfalme.

Kwa hivyo naomba kanisa langu la Mwanda tubadilishe. Kesha la watahiniwa tulifanye wiki moja au mbili mapema, na tulifanye kwa nguvu. Usiku wa mwisho kijana alale saa tatu. Akili inapanga yale uliyosoma wakati umelala. Ukikosa usingizi ni kama umevuna maharagwe ukayaacha shambani. Mwenye kufunga afunge mapema pia, asubuhi ile anywe uji. Tukitaka kuomba usiku ule, tuombe sisi, kila mtu kwake, yeye akiwa amelala.

Na unabii jamani. Mtu akisema Bwana amemwonyesha cheti, na apime kwanza ni mzigo gani anamtwika mtoto wa mwenzake. Ni heri kumwambia, tuko nawe ukipita, tuko nawe ukianguka.

Safari ni jambo dogo lakini limewaangusha wengi. Kutoka hapa mpaka Voi unapita Wundanyi, unashuka Mwatate, na mvua ikinyesha hakuna anayejua utafika saa ngapi. Shuka siku moja kabla. Kalamu, kitambulisho na karatasi zote ziwe kwenye mfuko mmoja tangu jioni. Ukiwa chumbani anza na swali unalolijua, hata kama ni la mwisho, mkono upate joto.

Halafu kuna wale wanaotuma ujumbe kwa simu ati wana karatasi yenyewe, tuma pesa. Wengi ni matapeli tu. Lakini hata ingekuwa ya kweli, huwezi kuomba amani ya Mungu na karatasi ya wizi iko mfukoni. Na fikiria unaomba nini hasa. Kuna usiku utakuwa peke yako zamu, mama amejifungua, damu haikomi. Tulifundishwa kwamba ikipita mililita 500 baada ya kuzaa kwa kawaida, hiyo ni hatari. Ukande mfuko wa uzazi, uite msaada, uchome oksitosini, uweke dripu, uangalie kama kondo la nyuma limetoka lote. Mama yule hatajali ulipata karatasi wapi.

Florence Nightingale mwenyewe, ambaye wauguzi wote tunamtaja, alipinga wauguzi kuandikishwa kwa mtihani, akisema karatasi haiwezi kupima tabia. Alikuwa na hoja. Nimewaona waliopita vizuri na hawana huruma. Lakini huruma peke yake haikomeshi damu, na hapo mimi nasimama upande wa Baraza.

Baada ya kuweka kalamu chini

Sehemu hii hatuihubiri, na ndiyo ngumu. Siku za kusoma angalau una kazi. Siku za kungoja huna.

Eliya aliogopa lini? Baada ya Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha, na baada ya hapo mtu huyu anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mretemu, anaomba afe. Mwili ulikuwa umetumika wote. Na malaika alipokuja hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwamsha ale, mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale, safari bado ni ndefu. Mimi huwa nasema huyo malaika alifanya kazi ya nesi. Swali la Mungu, unafanya nini hapa Eliya, lilikuja baadaye kabisa, mtu akiwa ameshapumzika.

Basi mtoto akirudi kutoka mtihani, mpe kimanga, mpe chai, mwache alale. Usimuulize "ulijibu nini namba saba?" Na nyinyi watahiniwa, mkitoka nje msisimame kwenye duara mkilinganisha majibu. Lililoandikwa limeandikwa. Kundi la simu linyamazishe kwa siku chache. Shika jembe, saidia kanisani kufagia, tembelea wagonjwa. Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinatulia.

Wapendwa, tuache pia kuuliza kila Jumapili mlangoni, "Matokeo yametoka?" Yakitoka utajua. Ukitaka kumsalimu, msalimu kama mtu.

Na akianguka? Someni 2 Samweli 12 mwone Daudi. Mtoto alipokuwa mgonjwa alifunga na kulala chini. Jibu lilipokuja, na halikuwa alilotaka, aliinuka, akaoga, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa Bwana, kisha akala. Watumishi wake walishangaa. Mimi nilifanya kinyume chake, nilikaa Jumapili tano bila kuingia nyumbani mwa Bwana. Aliyenitoa ni mama mmoja mzee wa kanisa hili ambaye sasa amelala katika Bwana. Alikuja na mboga kwenye kikapu, akakaa jikoni, hakutaja mtihani hata mara moja. Alipoinuka kwenda akasema, "Jumapili nitapitia hapa, twende wote." Akapitia.

Nilirudia. Safari hii nililala, nikala, nikashuka siku moja kabla. Moyo ulienda mbio vilevile, msidhani haukuenda. Lakini nilipita. Na kwa sababu ya lile swali lililonishinda, ile sura ya mama kuvuja damu niliisoma mpaka naweza kuisema usingizini. Miaka miwili baadaye, usiku wa mvua, gari haliwezi kufika, nililetewa mama wa hivyo. Mikono yangu ilijua. Yeye na mtoto walienda nyumbani.

Yule binti wa penye tangi tumeongea mara mbili tangu siku ile. Juzi alinitumia ujumbe: "Mama, jana nimelala mpaka saa kumi na mbili." Mtihani wenyewe bado.

Vikundi vya nyumbani wiki hii: someni 1 Wafalme 19 mpaka mstari wa 8, kila mtu aseme ni nani aliwahi kumletea mkate na maji. Kesha la watahiniwa wote litakuwa Ijumaa ijayo, si usiku wa mtihani. Mwenye ndugu Voi anayeweza kumpa mtahiniwa kitanda kwa usiku mmoja amwone katibu wa akina mama baada ya ibada.