Kuvuka Mei na Mtaji Mkononi: Tabia Tano za Mfanyabiashara Mdogo

Mei ni mwezi mgumu kwa mfanyabiashara mdogo wa Kilifi. Mvua za masika huwa zimeshika, kusi imeanza kuvuma na bahari imechafuka. Watalii ni wachache, na baadhi ya hoteli za Malindi na Watamu hufunga milango au hupunguza wafanyakazi. Wakati huo huo muhula wa pili wa shule unaanza na karo inatakiwa. Pigo hili humfikia hata mtu ambaye hajawahi kumuuzia mtalii kitu. Mfanyakazi wa hoteli akikaa nyumbani bila mshahara, hanunui chai na mahamri asubuhi, haendi kwa kinyozi wala haiti bodaboda.

Hata hivyo, biashara nyingi zinazofungwa Mei zilianza kuugua Desemba na Januari, pesa zilipokuwa zikiingia kila siku na hakuna aliyeuliza zipi ni za biashara na zipi ni za nyumba. Somo hili linaeleza tabia tano zinazoweza kukusaidia kuvuka Mei mtaji wako ukiwa mzima. Huhitaji kompyuta. Unahitaji daftari la kawaida, kalamu na dakika 15 kila jioni.

Tabia ya 1: Andika kabla ya kulala

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chora safu nne katika kila ukurasa: pesa zilizoingia, pesa zilizotoka, bidhaa ulizokopesha, na pesa ulizochukua wewe mwenyewe. Andika siku hiyo hiyo. Ukisubiri hadi Jumapili utakumbuka gunia la makaa, lakini utasahau shilingi 30 za mifuko na shilingi 50 za bodaboda.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi karibu na stendi. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako. Kwa siku moja ameuza vitu vya Sh 3,200. Matumizi yake ni haya:

Unga: Sh 720
Sukari: Sh 150
Nazi 8: Sh 320
Mafuta: Sh 350
Mbaazi: Sh 300
Iliki na hamira: Sh 60
Makaa: Sh 200
Nauli: Sh 100
Ushuru wa soko: Sh 30
Msaidizi: Sh 400
Jumla: Sh 2,630

Faida yake ni Sh 570. Ukimuuliza bila daftari atakwambia biashara inampa "elfu tatu kwa siku," na hadanganyi, kwani hizo ndizo pesa alizoziona zikipita mkononi. Tofauti kati ya elfu tatu na 570 ndiyo inayoamua kama atakuwepo sokoni Juni.

Daftari lina kazi nyingine. Akiuza Sh 3,200 kwa siku sita za wiki, kwa wiki 52, mauzo yake ya mwaka ni Sh 998,400. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa mauzo, ule unaojulikana kama TOT, kuwa asilimia 3 kwa biashara inayouza kati ya Sh milioni 1 na Sh milioni 25 kwa mwaka. Ushuru huo unatozwa kwa mauzo, si kwa faida. Mama huyu yuko chini ya kiwango hicho kwa Sh 1,600 tu. Akiongeza sinia moja la mahamri kila siku atavuka, na kila Sh 3,200 atakazouza zitadaiwa Sh 96. Asiye na daftari hawezi kujua yuko upande gani, na hawezi kupanga bei zake akijua hilo.

Tabia ya 2: Jilipe mshahara, usile mtaji

Turudi kwa mama yule yule. Kati ya Sh 3,200, bidhaa za Sh 400 zilikopwa na wateja. Jioni mkononi ana Sh 2,800. Nyumbani kuna gesi ya kununua na mchango wa harusi, kwa hiyo anachukua Sh 1,000. Anabaki na Sh 1,800. Kesho alfajiri anahitaji Sh 2,630 ili apike kama leo. Amepungukiwa Sh 830.

Hakuna aliyemwibia. Ametumia faida yake yote, kisha akala sehemu ya mtaji bila kujua. Kesho atapika kidogo, wateja watakosa mahamri saa mbili asubuhi, na keshokutwa wataenda kwa jirani.

Dawa yake ni kujilipa mshahara unaojulikana. Faida ya Sh 570 kwa siku sita ni Sh 3,420 kwa wiki, ikiwa madeni yote ya wiki yamelipwa. Akijilipa Sh 350 kwa siku, hiyo ni Sh 2,100. Zinabaki Sh 1,320 kila wiki. Kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Machi kuna takriban wiki 20. Akiziweka kwa chama au kwa sacco atafika Aprili akiwa na Sh 26,400.

Sasa tuseme Mei na Juni faida yake inashuka hadi nusu, yaani Sh 285 kwa siku. Ili aendelee kujilipa Sh 350 atahitaji kuongeza Sh 65 kila siku. Kwa siku 48 za kazi hizo ni Sh 3,120 tu. Zinazobaki, Sh 23,280, zitamsaidia kwa karo, leseni na ukarabati wa kibanda. Aliyeweka akiba anapita Mei akijibana kidogo. Asiyeweka anauza jiko.

Ili pesa zisichanganyike, zitenge mahali. Wengi wetu hupokea malipo ya wateja na michango ya matanga kwa laini moja ya simu. Pochi la Biashara la M-Pesa hutenga pesa za biashara na za binafsi katika laini hiyo hiyo. Nambari ya Lipa na M-Pesa pia hufanya kazi hiyo. Kwa pesa taslimu, mikebe miwili yatosha: mmoja wa mtaji, mwingine wa mshahara.

Tabia ya 3: Hesabu saa kama unavyohesabu pesa

Watu wa Pwani hatuogopi kazi. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na wengi wetu huamka saa kumi alfajiri. Lakini saa nyingi hazileti faida zenyewe. Kwa wiki moja, andika kando ya daftari ulifanya nini kila saa. Kisha jiulize ni saa zipi wateja walikuja, na ni zipi ulikuwa umekaa tu au uko njiani.

Safari za ununuzi ni mahali pa kwanza pa kuangalia. Ukienda sokoni kila siku kwa bodaboda ya Sh 100, kwa siku sita umetumia Sh 600. Ukinunua unga, sukari, mafuta na mbaazi mara mbili kwa wiki, unatumia Sh 200. Umeokoa Sh 400. Na kama kila safari ni saa moja, umeokoa saa nne kila wiki, ambazo kwa mwaka zinapita saa 200. Nazi unaweza kuletewa na mchuuzi. Samaki na mboga za majani ni jambo jingine: hivyo havingoji, lazima vinunuliwe vikiwa vibichi.

Usizitumie saa ulizookoa kuongeza uchovu. Zipe kazi moja. Labda ni kupeleka mahamri kwenye ofisi saa nne asubuhi, au kufunga mapema ili uandike daftari ukiwa na akili timamu. Anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi kila siku atakosea chenji, na kosa hilo halionekani kwenye safu yoyote.

Tabia ya 4: Soma msimu kama mvuvi

Mvuvi wa Ngomeni au Mayungu hahitaji kufundishwa kwamba bahari ya kaskazi si bahari ya kusi. Historia ya Malindi yenyewe ina somo hilo. Mnamo tarehe 24 Aprili 1498, Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa hapa, aliyeijua Bahari ya Hindi. Upepo ulikuwa wao, na katika chini ya mwezi mmoja walifika Kalikati, India. Safari ya kurudi waliianza kabla kaskazi haijakomaa. Waliondoka pwani ya India mapema Oktoba na hawakufika Malindi hadi tarehe 7 Januari 1499, baada ya miezi mitatu baharini. Mabaharia wengi walikufa kwa ugonjwa, hata wakalazimika kuichoma meli moja kwa kukosa watu wa kuiendesha. Bahari ilikuwa ile ile na meli zile zile. Kilichobadilika ni msimu.

Biashara yako pia ina kaskazi na kusi yake. Chora kalenda ya miezi 12 ukutani na uandike unayoyajua tayari. Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti, wageni huongezeka. Miezi ya joto maembe hujaa na bei yake hushuka, jambo zuri kwa muuza juisi na baya kwa mkulima anayeuza siku moja na wenzake wote. Januari, Mei na mwishoni mwa Agosti wazazi hubana matumizi kwa sababu ya karo.

Ramadhani iandike kwa makini zaidi. Mwezi huo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida. Anayelinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana bila kukumbuka hilo anaweza kudhani biashara yake imeanguka au imepanda, kumbe wateja wamehama tu kutoka asubuhi kwenda jioni. Mama wa mahamri mwenye kalenda huhamisha upishi wake kwenda alasiri kabla ya futari, na hanunui unga wa asubuhi utakaobaki.

Msimu wa chini una kazi zake. Huo ndio wakati wa kukarabati jiko na paa la makuti, kuhesabu bidhaa zilizolala dukani na kuziuza kwa bei ya kuokoa mtaji, na kujaribu bidhaa moja mpya kwa kiasi kidogo.

Tabia ya 5: Deni liwe na sababu na siku

Kukopesha ni sehemu ya ujirani, na biashara ya mtaani haiwezi kuukwepa ujirani. Inachoweza ni kuuwekea mpaka. Amua kiwango cha juu cha madeni yote kwa pamoja, kwa mfano faida ya siku mbili, yaani takriban Sh 1,140 kwa mama wa mfano wetu. Kikijaa, hukopeshi mwingine mpaka mmoja alipe. Jibu la heshima lipo: "Dada yangu, daftari la wiki hii limejaa. Nikikupa leo, kesho sitakuwa na unga wa kukuuzia." Mteja anayekuthamini ataelewa.

Unapokopa wewe, linganisha muda wa deni na muda wa bidhaa. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza na mkopo wa mtu binafsi wenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14, huku asilimia 5 ya mkopo ikiwekwa kama akiba yako. Mkopo wa siku 14 unafaa kununua unga utakaouzwa ndani ya siku tatu. Haufai kujengea banda, kwa sababu banda halitakuwa limerudisha pesa siku ya 14 ikifika. Kuhusu mikopo mingine ya simu, soma ada yote kabla ya kubonyeza. Ada ya Sh 80 kwa kila Sh 1,000 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini ukiikopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima utakuwa umelipa Sh 960 kwa Sh 1,000 hiyo hiyo.

Zoezi la wiki hii

Nunua daftari leo. Kwa siku saba jaza safu nne bila kubadilisha chochote katika biashara yako. Siku ya saba jibu maswali haya matano kwa maandishi:

1. Faida yangu ya wiki ni shilingi ngapi baada ya kutoa kila gharama?
2. Nilichukua shilingi ngapi kwa matumizi ya nyumbani, na je, zilizidi faida hiyo?
3. Wateja wananidai kiasi gani, na nani amepitisha wiki mbili?
4. Ni saa zipi mbili za siku zinazoniletea mauzo mengi zaidi?
5. Nikiweka akiba kila wiki kuanzia sasa, nitafika Mei na kiasi gani?

Kama jibu la swali la pili linakuonyesha unakula mtaji, usifunge biashara na usikimbilie mkopo. Punguza mshahara wako kwanza, hata kwa Sh 50 kwa siku, kisha rudia hesabu wiki inayofuata. Ifanye na mtu mmoja unayemwamini, awe mume, mke, mtoto wa sekondari au mwenzako wa chama. Hesabu inayoonwa na watu wawili ni vigumu kuidanganya.