Mzee Tom Moore na Daftari la Michango

Katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba hakuna mtu mzima asiyejua mchango wa msiba. Mtu akifariki usiku, asubuhi kijiji kizima kina habari. Majembe yanawekwa chini. Huyu anakuja na mkungu wa ndizi, huyu na maharage, huyu na kuni, huyu na ndoo ya maji kichwani. Wanaume wanachimba kaburi kibanjani, akina mama wanapika. Viko pia vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa bujuni. Neno hilo la Kihaya linatokana na kusaidia. Wanachama, na wengi ni akina mama, hutoa fedha, chakula na kazi ya mikono mwenzao anapofiwa.

Basi somo la leo si geni kwenu. Linahusu mzee mmoja wa Uingereza aliyekuwa askari, fedha alizochangisha akiwa na miaka 99, jinsi watu walivyomlilia alipofariki, na jambo lililotokea baada ya mazishi. Jambo hilo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi.

ASKARI WA BAMA

Mzee huyo aliitwa Tom Moore. Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1920 katika mji wa Keighley. Mwaka 1940 aliitwa jeshini, akapelekwa India, kisha Bama kupigana na Wajapani. Nchi ya Bama siku hizi inaitwa Myanmar. Alifikia cheo cha kapteni.

Jina la Bama wazee wetu walilijua. Katika vita hiyohiyo ya pili ya dunia vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliandikishwa katika jeshi la Keya, na maelfu yao wakavushwa bahari mpaka Bama. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw wakati wa masika, mvua haikatiki, matope yanafika magotini, na malaria inaangusha watu pamoja na risasi. Waliorudi walilipwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipewa pungufu sana ya Mzungu mwenye cheo kama chake. Tunalitaja hilo hapa kwa sababu mzee tunayemsoma leo alitoka upande uliolipwa vizuri, na wengi wa wenzake wa Afrika walikufa bila gazeti lolote kuwaandika.

MITA ISHIRINI NA TANO

Mwaka 2018 Mzee Moore alianguka nyumbani akavunjika nyonga. Alitibiwa katika hospitali za serikali, na hakusahau wauguzi waliomhudumia. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia Uingereza, watu waliamriwa kukaa majumbani na hospitali zikajaa. Mzee alitaka kuwasaidia wauguzi, lakini mtu wa miaka 99 anayetembelea kigari cha kujishikiza atasaidia nini?

Aliamua kutembea. Bustani ya nyumbani ilikuwa na urefu wa mita 25. Alisema atatembea mizunguko 100 kabla ya kufikisha miaka 100, na wanaopenda watoe chochote kwa ajili ya hospitali. Alianza tarehe 6 Aprili 2020. Alitumaini kupata pauni 1,000 tu.

Piga hesabu. Mita 25 mara 100 ni mita 2,500, yaani kilometa mbili na nusu. Wengi wetu tunatembea zaidi ya hapo kwenda sokoni na kurudi, tena na mzigo. Watu hawakutoa fedha kwa sababu ya urefu wa safari. Walitoa kwa sababu ya mtembeaji. Walimwona kwenye televisheni amevaa koti lake na nishani za vita, anasukuma kigari polepole, anawaambia kesho itakuwa siku njema. Tarehe 16 Aprili alimaliza mizunguko 100. Mwisho wa mwezi, alipofikisha miaka 100, fedha zilikuwa zimefika karibu pauni milioni 32.8. Waliochanga walizidi milioni moja na nusu. Ukigawanya, kila mmoja alitoa wastani wa kama pauni 21. Kwa hiyo mlima ule ulijengwa kwa vikapu vidogovidogo vya udongo, na si kwa fedha za matajiri wachache.

Fedha hizo zilikwenda kwa umoja wa mifuko inayosaidia hospitali za serikali. Tarehe 17 Julai 2020 Malkia Elizabeth alimpa heshima ya kuitwa Sir, akimgusa mabegani kwa upanga uliokuwa wa baba yake Malkia, yaani mfalme yuleyule ambaye Mzee Moore alimpigania Bama.

MSIBA WENYE WATU WANANE

Tarehe 2 Februari 2021 Mzee Moore alifariki hospitalini katika mji wa Bedford. Alikuwa na kichomi, na pia korona. Bendera ya ofisi ya Waziri Mkuu ilishushwa nusu mlingoti. Bunge lilisimama kimya dakika moja. Jioni ya kesho yake watu nchi nzima walitoka milangoni mwao wakapiga makofi.

Sasa tazama mazishi yenyewe. Nchi nzima inalia, lakini tarehe 27 Februari waliohudhuria ni watu wanane wa familia, kwa sababu sheria ya ugonjwa ilikataza mikusanyiko. Askari sita walibeba jeneza. Askari wengine 14 walipiga risasi hewani mara tatu, na ndege ya zamani ya wakati wa vita ikapita juu. Mwili ulichomwa, kama ilivyo desturi ya wengi huko. Kwetu Kagera, ambako mtu hulazwa kibanjani kwake karibu na migomba aliyoipalilia, jambo hilo ni gumu kulizoea, na msiba wa watu wanane ni mgumu zaidi. Lakini mwaka ule hata sisi tulizika wengine haraka na kwa watu wachache, na waliokosa kuaga wanajua uchungu wake.

Mzee mwenyewe alipenda mzaha. Aliwahi kusema kwamba jiwe la kaburi lake liandikwe kuwa aliwaambia watu mapema kwamba yeye ni mzee.

BAADA YA MAZISHI

Mwaka 2020, mzee akiwa bado hai, familia ilianzisha mfuko wenye jina lake. Mfuko huu ni mwingine kabisa, msiuchanganye na zile pauni milioni 32.8 ambazo zilikwishafika hospitalini. Mwaka 2022 tume ya serikali ya Uingereza inayosimamia mashirika ya hisani ilianza kuuchunguza mfuko wa familia. Ripoti ilitoka Novemba 2024.

Ripoti ilisema nini? Kwamba binti wa marehemu na mumewe walichanganya mara kwa mara mambo ya mfuko na mambo yao wenyewe. Mfano mmoja ni vitabu. Watu walinunua vitabu vya mzee wakiamini sehemu ya fedha itakwenda kwenye mfuko. Malipo ya awali, karibu pauni milioni moja na nusu, yaliingia katika kampuni ya familia, na mfuko haukupata chochote katika malipo hayo. Mfano wa pili ni jengo. Jina la mfuko lilitumika katika kuomba kibali cha jengo nyumbani kwa familia. Jengo lenyewe likaja kuonekana lina hata bwawa la kuogelea. Halmashauri iliamuru livunjwe, likavunjwa mwaka 2024. Binti na mumewe walizuiwa kusimamia shirika lolote la hisani, mmoja kwa miaka 10 na mwingine kwa miaka 8. Wao wamesema hawakutendewa haki na hawakuchukua fedha za watu. Mfuko uliacha kupokea michango.

Hapa msomaji simama kidogo. Mzee alikufa Februari 2021. Maswali yalikuja baadaye. Lakini jina lililoandikwa magazetini kila siku lilikuwa la nani? La mzee. Watu wakaanza kusema, "Aa, kumbe hata yule!" Na marehemu hawezi kuinuka ajibu. Mwaka alipofariki watu walimpigia makofi milangoni, na miaka mitatu baadaye jina lake linatajwa pamoja na bwawa la kuogelea. Mimi naona huo ulikuwa msiba wa pili, na huo ungeweza kuzuiwa.

HUKU KWETU

Tusicheke ya wenzetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kagera. Watu 17 walifariki, mamia waliumia, maelfu ya nyumba yalibomoka, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Michango ilitoka nchi nzima. Mwezi uleule Rais alitengua uteuzi wa maofisa wawili huku kwetu, kwa tuhuma kwamba imefunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti ya maafa. Hatuandiki hili ili kumhukumu mtu. Tunataka mkumbuke mioyo ya watu ilivyokuwa siku zile. Mtu aliyekuwa analala nje ya nyumba iliyobomoka alianza kumtilia shaka kila aliyeshika karatasi.

Tena wazee wetu askari wanazidi kupungua. Wilayani Muleba, pale Kaboya, wamelala askari waliokufa katika vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Kila tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa. Lakini wapo wengi waliorudi hai kutoka vita ile, na sasa hata waliokuwa vijana kabisa wamepita miaka 60. Wanaishi vijijini mwetu, wanafuga, wanapalilia kahawa. Watafariki mmojammoja, na sisi tutawachangia. Je, tutaandika wapi?

DAFTARI LETU

Ninyi mliohitimu kisomo mnaweza kazi hii. Haihitaji mtu wa benki.

Chukua daftari, piga mistari. Kwanza tarehe, pili jina la mtoaji, tatu fedha, nne vitu, tano sahihi au alama ya kidole. Vitu visisahauliwe. Vikundi vingi huandika fedha tu, na mama aliyeleta mikungu miwili na kuni za kutosha siku tatu anaonekana kama hakutoa kitu, kumbe yeye ndiye aliyewalisha waombolezaji. Andika: "ndizi mikungu 2, kuni mzigo 1."

Ukurasa wa pili ni wa matumizi: sanda au jeneza, chumvi, mafuta, nauli ya waliofuata maiti hospitalini. Kila kilichonunuliwa kiwe na stakabadhi. Muuza duka asiye na stakabadhi na aandike kwenye kipande cha karatasi, atie sahihi.

Anayeandika asiwe ndiye anayeshika fedha. Na hao wawili, angalau mmoja asiwe wa familia ya marehemu. Wengine watasema hiyo ni kuwadharau wafiwa. Sivyo. Mfiwa ana uchungu, hajalala, ndugu wanamwomba hiki na kile. Kumkabidhi fedha za watu saa ile ni kumtwisha mzigo asiouweza.

Kabla ya kuanua tanga, mwandishi asome mbele ya watu: tumepata kiasi hiki, tumetumia hiki, kimebaki hiki, na kilichobaki anapewa mjane au watoto. Vijiji vingine husoma jina la kila mtu na alichotoa. Mimi siafiki. Aliyetoa shilingi 500 kwa sababu ndizo alizo nazo ataona haya, na safari nyingine atajificha ndani. Isomwe jumla. Anayetaka kuhakiki jina lake aje aone daftari kwa macho yake, maana sasa anajua kusoma.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mzee Moore alitembea mizunguko 10 kwa siku. Je, ni mita ngapi kwa siku? Kwa mwendo huo mizunguko 100 inahitaji siku ngapi?

2. Katika msiba, kikundi kilipata shilingi 186,500. Matumizi yalikuwa shilingi 149,200. Mjane atapewa shilingi ngapi?

3. Je, daftari la kikundi chenu lina safu ya vitu, au ni ya fedha tu? Leteni daftari mwombe mmoja wenu asome ukurasa wa msiba wa mwisho.

4. Nani anashika daftari hilo sasa, na nani anashika fedha?

5. Kama yupo mzee askari kijijini kwenu, mtembeleeni akiwa hai. Mwombeni awaeleze alikopita, mwandike: alizaliwa wapi, alipigana wapi, alirudi mwaka gani. Someni mliyoyaandika mbele yake ili asahihishe mwenyewe.