Gurudumu Lililo Chini ya Reli

Mwaka jana nikiwa fildi nilifundisha nishati, kidato cha pili. Nikachora ubaoni rolakosta, yaani kile kitreni cha kwenye bustani za burudani: kinavutwa hadi juu kwa mnyororo, kinaachiwa, kimo kinageuka mwendo. Nikajiona nimemaliza kazi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Ticha, kikifika kwenye nundu na kasi yote hiyo, mbona hakirukii nje?"

Nikasema reli inakishika. Akauliza, "Inakishika na nini?" Kengele ikaniokoa.

Jibu nililipata baadaye kwenye kitreni kikongwe kiitwacho Jack Rabbit. Kipo Kennywood, bustani iliyofunguliwa mwaka 1898 karibu na Pittsburgh, Marekani. Kilianza kubeba watu mwaka 1920 na hadi leo kinabeba.

Mbunifu wake, John Miller, alikuwa amelielewa swali la yule binti. Kitreni kinachopita kileleni kwa kasi hutaka kuendelea moja kwa moja, wakati reli imeshaanza kushuka. Magurudumu yanayokaa juu ya reli hapo hayana msaada wowote. Kwa hiyo Miller akaweka mengine chini ya reli. Kitreni kikitaka kupaa, gurudumu la chini linagota kwenye reli, hakiendi popote. Ndipo wajenzi wakathubutu miteremko mikali.

Jack Rabbit imejengwa kwenye korongo, na mteremko wake mkubwa wa futi 70, kama mita 21, umekatwa katikati: unashuka, unatulia kidogo, halafu unashuka tena ghafla. Kwenye huo wa pili makalio yanaachana na kiti! Kitreni kimezuiwa na magurudumu ya chini, lakini wewe huna gurudumu. Umezuiwa na chuma cha mapajani tu. Wa nyuma ndio wanaorushwa zaidi, maana mabehewa ya mbele yameshaanza kuteremka na yanawavuta wao wakiwa bado kileleni. Mimi ningekaa mbele, nakiri.

Hapohapo Kennywood kuna Racer ya mwaka 1927. Vitreni viwili vinashindana sambamba, na kinachoondoka upande wa kushoto kinarudi upande wa kulia, kwa kuwa reli yenyewe ni moja. Hiyo nawaachia watu wa hisabati.

Muhula ujao narudi shule ileile. Yule binti atakuwa kidato cha tatu. Nitamtafuta.